Nguzo Mbili Nyuma ya Sakafu ya Chama



Katika mkutano uliopita wazee wawili watatu walituuliza kwamba zile nguzo mbili zilizosimamishwa nyuma ya sakafu ya kuanikia ni za nini. Mmoja alidhani ni lango la mpira lisilokwisha. Mwengine akasema ni pahala pa kukung'utia majamvi, na kwa kweli hakukosea sana, maana baadhi ya wakeze wanachama wamekwisha kuzitumia kwa kazi hiyo. Twaona ni haki yenu kujibiwa kwa maandishi, pamoja na kuelezwa kosa tulilolifanya, ili atakaye kutengeneza zake nyumbani asilirejee.

Kila mwanachama ajua kazi ya mchumaji. Kutwa nzima mkono mmoja umeshika tawi, mkono wa pili wavuta vishada, na miguu imesimama pahala ambapo hata kuku angefikiri mara mbili. Mkarafuu hukua ukapita mita 10, na tawi lake, kama mjuavyo, halina desturi ya kupinda kwanza likatoa khabari, hukatika ghafla. Hapo mwenye nguvu za vidole na mabega huweza kubaki akining'inia mpaka apate pa kuweka mguu. Asiye nazo huja chini. Hatusemi kwamba mazoezi huzuia tawi kukatika, wala hayachukui nafasi ya kamba na ya kuchagua tawi kwa uangalifu. Twasema tu kwamba vijana wetu wengi siku hizi hukaa miezi na miezi dukani au juu ya bodaboda, kisha msimu ukiingia hupanda siku ya kwanza kwa mikono iliyolala. Wiki hiyo ya kwanza ndiyo inayotutia khofu.

Mazoezi ya kujiinua kwa uzito wa mwili wako mwenyewe si jambo geni duniani. Mjerumani Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa viungo wa nje huko Hasenheide, Berlin, mwaka 1811, na vyombo vyake vilikuwa vya kuning'inia na vya kupanda. Katika michezo ya Olimpiki ya Athens ya mwaka 1896 watu walishindana kupanda kamba ya mita 14, na waliofika juu kabisa walikuwa wawili tu. Wachumaji wetu walipoisikia khabari hiyo walicheka sana. Na Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, lashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki.

Sasa tuje kwenye kosa letu. Nguzo za kwanza tulizichimbia shimo la dhiraa moja tu, tukashindilia udongo kwa miguu, tukaona zimesimama, tukafurahi. Mvua ikanyesha siku mbili. Siku ya tatu kijana mmoja alijirusha kushika chuma, nguzo moja ikalala, naye akaangukia kiganja. Mfupa haukuvunjika, alhamdulillahi, lakini hakuchuma karafuu kwa siku 12, na ilikuwa katikati ya msimu. Kijana hakuwa na kosa. Sisi tuliochimba ndio wenye kosa, na posho yake ya siku hizo tumeitoa mifukoni mwetu, si katika fedha za chama. Twalisema hili kwa kuwa limekwisha kusemwa barazani kwa namna nyengine.

Nguzo za pili tulizitengeneza hivi. Tulichagua miti miwili ya mvinje iliyonyooka na kukauka, unene wake sentimita 12, urefu mita 3 na kidogo. Mikoko hatukuigusa, maana kuikata kunataka ruhusa. Mashimo tuliyachimba sentimita 80, upana sentimita 30, tukatia kokoto chini ili maji yasikae kwenye kitako cha mti. Zege lilikuwa kipimo 1 cha saruji, 2 vya mchanga na 4 vya kokoto. Mfuko mmoja wa kilo 50 ulitosha mashimo yote mawili na ukabaki. Mchanga wa pwani msitumie, chumvi yake ni adui wa chuma. Nguzo zisimamishwe kwa timazi, zifungiwe miti ya kuegemeza, na uso wa zege uinuliwe kidogo juu ya ardhi na kuteremka pande zote ili mvua itiririke. Kisha msiguse mtu kwa siku 7. Vijana watakuja jioni ya kwanza kujaribu, wafukuzeni.

Chuma chenyewe ni bomba la maji la inchi 1, la chuma na si la plastiki. Nafasi baina ya nguzo ni mita 1. Fundi atoboe nguzo kwa keekee, sentimita 15 kutoka juu, apitishe bomba, kisha alikaze kwa bolti kila upande ili lisizunguke. Bomba linalozunguka mkononi humwangusha mtu hata kama nguzo ni imara kama minara. Urefu kutoka chini uwe mtu mrefu akiinua mikono aguse kwa ncha za vidole, asilazimike kuruka. Chini yake tumetandaza mchanga mzito wa kutosha.

Pembeni tuliongeza miti miwili ya kulala, kimo cha mbavu, iliyoachana dhiraa moja na vidole vitatu, ya kujisukumia juu kwa mikono. Hiyo haina mengi ya kueleza. Misingi yake ni ile ile.

Kuna walioshauri tupunguze gharama kwa kufunga chuma kwenye mkarafuu mkubwa. Hapana. Tawi lake tumekwisha kulisema, na msumari ni jeraha kwenye mti unaokulisha. Wengine walileta kamba kuukuu ya jahazi ya kupandia. Kamba iliyotupwa na nahodha imetupwa kwa sababu.

Anayeanza asikimbilie kupitisha kidevu juu ya chuma. Aning'inie tu, kwa kadiri ya sekunde 10, apumzike, arejee mara tano. Wiki za mbele apande juu ya kigoda, kidevu kiwe kimekwisha kupita chuma, kisha ashuke polepole kwa mikono. Kushuka huko hujenga nguvu hata kwa asiyeweza kupanda. Siku tatu kwa wiki zatosha, na ziachane, kwani mishipa ya viwiko hukawia kuzoea kuliko misuli. Bega likichoma, aache. Aanze miezi miwili kabla ya msimu, na siku za uchumaji mkali asije kabisa, mkarafuu wenyewe watosha. Mtu mmoja tu ashike chuma kwa wakati mmoja.

Bibi mmoja mwanachama ametuuliza kama wao hawana mikono. Amesema kweli, nao huchuma na huanguka kama sisi. Tumekubaliana kusimamisha nguzo nyengine ndani ya ua wa nyumba yake, chuma kikiwa chini kidogo, na mfuko wa saruji umekwisha kununuliwa.

Kila mwezi tutachoma mguu wa nguzo kwa msumari pale unapokutana na zege. Msumari ukizama, mchwa au uozo umeingia, na nguzo itang'olewa siku hiyo hiyo. Keekee na pimamaji viko ofisini, huazimwa kwa siku 2. Aliyechukua timazi tangu Mfunguo Tatu twamwomba airejeshe, kwani nguzo za bibi zasubiri.