Filamu Inaporudi: "Avatar", Kibanda cha Video na Kiswahili cha Nakivale

Filamu nyingi huonyeshwa msimu mmoja, zikapita. Chache hurudishwa kwenye majumba ya sinema baada ya miaka, na washabiki wake huzipokea kama jamaa aliyerejea kutoka safari ndefu. Mojawapo ni Avatar ya James Cameron, hadithi ya kubuni yenye misingi ya kisayansi, iliyotoka Desemba 2009. Agosti 2010 ilirudishwa ikiwa imeongezewa dakika chache. Machi 2021 ilirudishwa Uchina, na mapato ya huko yakaipandisha tena juu ya Avengers: Endgame katika orodha ya filamu zilizoingiza fedha nyingi kuliko zote duniani. Septemba 2022 ikarudi katika nchi nyingi, picha na sauti zikiwa zimesafishwa upya, miezi mitatu kabla ya filamu ya pili katika mfululizo huo. Wako washabiki wanaoipenda kiasi kwamba wamejifunza lugha iliyobuniwa kwa ajili yake, na huizungumza wanapokutana.

Makala haya yanauliza swali dogo: Je, filamu ya namna hii huwarudiaje watu wa Mbarara na wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale? Jibu langu ni kwamba huwarudia kwa kupewa ulimi mpya, na jambo hilo linatuhusu sana sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili.

Kibanda na mtafsiri wake

Hapa Uganda majumba makubwa ya sinema ni machache, na mengi yamo Kampala. Watu wengi huonea filamu kwenye kibanda cha video: chumba cha mabati au matofali, mabenchi ya mbao, televisheni au projekta, spika mbili, na nje ubao ulioandikwa kwa chaki filamu za siku hiyo. Waganda hukiita ekibanda. Watanzania hukiita kibanda umiza. Jina ni la ukoo mmoja, na msongamano ni ule ule.

Ndani ya kibanda filamu huja na mtafsiri, ambaye Uganda huitwa VJ. Hupunguza sauti ya filamu, akaweka yake juu. Hueleza, hutania, huonya, na huwapa wahusika majina ya nyumbani. VJ Jingo na VJ Junior wamepata umaarufu kwa Kiganda. Kenya yuko DJ Afro, anayechanganya Kiswahili na lugha ya mitaani. Tanzania alivuma Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu.

Kazi hii si ngeni duniani. Enzi za filamu zisizo na sauti, Wajapani walikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, na baadhi yao walikuwa na washabiki kuwashinda waigizaji. Hapa kwetu, mradi wa filamu za elimu ulioendeshwa kutoka Vugiri, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937, uliwapa watazamaji maelezo kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Afrika Mashariki.

Kwa hiyo filamu yetu haisubiri kampuni ya Marekani iirudishe. Hurudi kila mtafsiri mwingine anapoishika. Aliyeiona kwa Kiingereza huiona tena kwa Kiganda, kisha kwa Kiswahili, na atabishana na jirani yake juu ya nani aliyemsemea stelingi vizuri zaidi.

Kisa kisichohitaji maelezo marefu

Makazi ya Nakivale yalianzishwa 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Yako wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki ya Mbarara, na yana kanda tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Yana watu zaidi ya 150,000. Wakongo ndio wengi, pamoja na Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine.

Sasa tutazame kisa cha Avatar. Mwaka 2154 kampuni ya kuchimba madini imefika Pandora, mwezi wa sayari ya mbali. Chini ya mti mkubwa ambao ni makao ya Wanavi, kuna madini ya thamani. Wenyeji wanatakiwa kuhama. Wanapokataa, mti unaangushwa kwa silaha na walionusurika wanakimbia. Madini yenyewe yamepewa jina la Kiingereza la kutania, lenye maana ya kitu kisichopatikana.

Mtu aliyetoka Kivu hahitaji kufafanuliwa hayo. Vyombo vya angani na mashine zinazotembea kwa miguu ni mambo ya kubuni, lakini kufukuzwa kwenye ardhi yenye madini anakufahamu. Hapo ndipo mtafsiri hupimwa: asipotoshe msiba kuwa mzaha, wala asiwahubirie watu ambao wamekuja kustarehe.

Mtihani wa neno moja

Lugha ya Wanavi ilitungwa na mtaalamu wa isimu, Paul Frommer wa Chuo Kikuu cha Southern California. Wanafunzi wa mofolojia wataipenda. Kitenzi taron maana yake ni "winda". Ukitaka wakati ujao unapachika kiambishi katikati ya mzizi, upate tayaron. Sisi tungesema "atawinda", kiambishi kikitangulia mzizi.

Mtihani hasa ni salamu yao inayojulikana sana, ambayo kwa neno kwa neno ni "nakuona". Wanavi wana vitenzi viwili: tse'a, kuona kwa macho, na kame, kuona kwa moyo na kuelewa. Salamu hutumia hiki cha pili. Mzulu hatatatizika, kwani Sawubona yake ina maana ya "tunakuona". Mnyankore huuliza Agandi, yaani habari. Mswahili husema Hujambo, akitaka kujua kama una jambo linalokusumbua.

Mtafsiri akisema tu "Nakuona", kibanda kinaweza kucheka, kwa sababu kwetu hilo laweza kuwa onyo kwa mtoto anayenyemelea sukari. Akisema "Nimekuona", ni kama amemfumania mtu. Tena kumwona mkubwa ofisini, kila mtu anajua huenda na bahasha. Hata hivyo "kuona" letu ni pana: tunaona njaa, tunaona haya, tunaona uchungu, na tunakwenda kumwona mgonjwa. Kitenzi hiki tayari kinabeba macho na moyo pamoja.

Mtafsiri wa kibanda ana nafasi ambayo mwandishi wa maandishi ya chini ya picha hana: anaweza kuongeza sentensi. Anaweza kusema, "Nakuona. Hawa wakiamkiana hivyo, maana yake nakutambua kuwa wewe ni mtu." Kwa mtazamaji ambaye kwa miaka mingi ameonwa kama jina kwenye orodha ya mgao, sentensi hiyo ina uzito. Kamusi peke yake isingemfikisha mtafsiri hapo.

Kiswahili kipi?

Mkongo wa Kivu atasema "niko nakuona", na watu kwake ni "batu". Mrundi na Msomali wana lafudhi zao. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu ataona makosa tu, lakini kibandani Kiswahili hicho ndicho kinachowakalisha benchi moja watu ambao lugha zao za kwanza hazielewani. Kiswahili sanifu kina kazi yake katika mitihani na ofisi. Hakipaswi kufukuza lahaja zinazokilisha.

Jambo hili ni zito zaidi Uganda. Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wengi wakakifahamu kupitia amri za askari. Mbarara yenyewe ilitekwa na majeshi ya Tanzania Februari 1979 na kuharibiwa vibaya. Wazee wengi bado wanakisikia Kiswahili kama sauti ya kambi. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini azimio haliondoi hofu. Mtoto aliyekisikia Kiswahili akiwa anacheka na kushangilia haanzi darasani na woga ule.

Hitimisho

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wetu wa tafsiri waende vibandani na daftari, waandike jinsi dhana za kisayansi zinavyosemwa na watu wasiosubiri kamati ya istilahi. Pili, idara ziwaalike watafsiri hawa wafundishe na wafundishwe. Tatu, tusifiche kwamba sehemu kubwa ya biashara hii haina idhini ya wenye filamu, ilhali Uganda ina sheria ya hakimiliki ya 2006. Njia ya makubaliano itafutwe, ili kazi hii iwe ajira halali ya vijana wetu.

Filamu nyingine zitarudishwa, na washabiki watazishangilia. Zitakapofika Base Camp, atakayezisema kwa Kiswahili awe ameandaliwa vizuri, na sisi tuwe tumemsikiliza.