Tomati zetu na mbuzi wa jirani

Mvua za Septemba zinakaribia na wengi wetu hapa Kivu tunatayarisha bustani nyuma ya nyumba. Mbegu tunazo, samadi tunayo. Na lupango je? Kila mwaka tunapanda kwanza, lupango tunaufikiria siku mbuzi amekwisha kuingia. Asubuhi moja inatosha: miche ya mwezi mzima imebaki vijiti, na wamama wawili hawasalimiani tena kwenye maji.

Mwenye mbuzi tusimtukane. Kwetu mbuzi ni akiba ya nyumba. Mtoto wa sekondari akirudishwa kwa sababu ya feza ya masomo (sisi walimu tunawaona wakitoka na mifuko yao), ni mbuzi anayepelekwa sokoni. Ndoo ya tomati nayo inafanya kazi ileile.

Basi tujenge lupango kabla ya kuhamisha miche. Matete yanafaa, yakisukwa karibu-karibu na kufika kwenye kifua cha mtu mzima. Angalia hasa chini, maana mbuzi hutafuta pengo, na kichwa kikipita mwili unafuata. Kamba za mgomba zinaoza upesi kwa mvua, kwa hiyo zikague kila juma. Wengine hupanda ule mti wa maziwa meupe, ambao mbuzi haugusi. Ni lupango mzuri, lakini maziwa yake yanaunguza macho. Watoto wasiukate, yakimwingia mtu, mwoshe kwa maji mengi safi na mpeleke kituo cha afya.

Kuna na dawa isiyouzwa: kinyesi cha mbuzi kilichokorogwa na maji. Mbuzi hapendi kula penye harufu ya kinyesi chake. Paka matete peke yake, kamwe si majani wala matunda, kwani tomati tunazila mbichi. Mvua ikiosha, paka tena. Kuku wao wawekee miiba kuzunguka miche.

Miche yenyewe ihamishwe ikiwa na juma 3 au 4, nusu metre kati ya mmoja na mwingine, kila mmoja na mti wa kuusimamia. Usiipande palipotoka viazi vya kizungu, maana ugonjwa wao ni mmoja. Mwagilia chini, si juu ya majani, na majani yenye madoa meusi yatoe uyachome.

Halafu nenda kwa jirani kabla hujapanda, si baada ya hasara. Mwombe afunge mbuzi wake miezi hii 3 hadi mavuno. Wewe umpelekee maganda ya maharage na majani ya kupalilia, yeye akupe samadi. Hiyo usiitumie mbichi: irundike, ifunike kwa majani ya mgomba, uigeuze mara kwa mara. Ukiipokea sasa, itakuwa imeoza vizuri kwa msimu wa Februari.