Honda ya Guka Ilikuwa Iuzwe Skrepa: Hivi Ndivyo Nilifufua Injini Yake Nyumbani

Msee wa skrepa alikuwa ashafika kwa geti na mizani yake. Honda CG125 ya marehemu guka, iliyolala kwa stoo miaka 13, ilikuwa iuzwe kwa kilo. Nikamwomba shosho anipe muda. Akasema, "Ikinguruma kabla ya Krismasi, ni yako. Isiponguruma, inaenda."

Sijasomea umekanika, na hata ile kozi nilikuwa nafanya chuo sikumaliza. Lakini hii injini si rocket. Honda walianza kuiunda miaka ya 70: silinda moja, valvu mbili, na badala ya cheni ya taimingi kuna vyuma viwili virefu, pushirodi, vinavyosukuma valvu kutoka chini. Wachina waliikopi sana, ndio maana boda nyingi za mtaa ziko na injini ya ukoo huo. Fundi wa stage anaijua kama kiganja chake.

Usiforce kiki. Injini ikikaa sana, ringi hushika kwa silinda. Toa plagi, mwaga oili kidogo ndani, iache ilale usiku mzima, kisha zungusha polepole.

Piga picha, panga bolti. Kila sehemu unayofungua, bolti zake ziende kwa mkebe wake na jina juu. Vyuma unaosha na mafuta ya taa, nje, mbali na jiko. Usifanye hii story kwa keja yenye jiko inawaka, bana.

Pima ndio ununue. Hapa ndipo nilichomeka. Nilikimbia Grogan na doh yangu yote nikabuy pistoni ya standadi, milimita 56.5. Kufika home, inacheza kwa silinda kama kijiko kwa kikombe. Silinda ilikuwa imeliwa! Ningetumbukiza ringi pekee kwa silinda nipime mwanya wa ncha zake na fila geji, ningejua mapema. Silinda ikiliwa, unapanda saizi, kama 56.75, na unapelekea fundi wa mashine silinda pamoja na hiyo pistoni mpya. Anachonga akipima pistoni yenyewe, si kwa kubahatisha.

Shika konrodi. Ivute juu na chini. Ikicheza juu-chini, bearing ya krenki imeisha na lazima ufungue injini yote. Ikisonga kando kidogo, hiyo ni sawa. Yangu ilikuwa poa, nikashukuru Mungu.

Saga valvu. Paka dawa ya kusagia, zungusha valvu kwa kiti chake hadi uone mviringo wa kijivu usiokatika. Osha dawa yote, rudisha springi, kisha mwaga mafuta ya taa kwa tundu la hedi. Yakivuja, rudia. Mimi nilirudia mara tatu.

Kurudisha. Gasketi mpya, oili kila mahali, na nyanya za ringi zisikae laini moja: zitawanye. Ziba mdomo wa injini na kitambaa safi ukiweka klipu za pini, juu ikianguka ndani utalia. Bolti za hedi kaza msalaba, kidogo kidogo. Mwisho, seti tapeti injini ikiwa baridi na valvu zote zimefunga: milimita 0.08.

Tarehe 22 Disemba nikapiga kiki. Kimya. Ya tano, ikakohoa. Ya tisa, moshi, halafu ule mlio wa guka akirudi kutoka soko.

Shosho alitoka jikoni, akasimama kwa mlango bila kusema kitu. Akaingia ndani, akarudi na logbook.

Sasa naenda pole pole, sivuti mafuta sana kwa kilomita 500 za kwanza, na oili nitabadilisha mapema. Msee wa skrepa bado hupita. Huwa tunasalimiana tu.