Zebaki ya Baba, Pumzi ya Mtoto

Dhahabu ya Rwamgasa, mkoani Geita, haitoki ardhini ikiwa safi. Mawe husagwa kwenye karasha, unga wake ukaoshwa mwaloni, kisha zebaki ikachanganywa humo, mara nyingi kwa mikono mitupu, ili ishike chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa. Wapo wanaochomea nyumbani, palepale anapopikia mama mjamzito. Mvuke wa zebaki unaotoka hapo hauonekani wala haunuki. Ukishaingia kwenye damu, kondo la nyuma haliuzuii.

Mwaka 2003, watafiti wa mradi wa Umoja wa Mataifa walipima damu, mkojo na nywele za watu wa Rwamgasa, pamoja na maziwa ya wanaonyonyesha. Baadaye watafiti kutoka chuo kikuu cha afya cha Bugando, Mwanza, na wenzao waliwafuatilia wajawazito 961 wa Kanda ya Ziwa. Zebaki, pamoja na aseniki iliyomo kwenye mawe yenyewe, ziliandamana na mimba kuharibika, watoto kuzaliwa wafu, njiti na wenye uzito mdogo.

Hata hivyo, tusiibebeshe zebaki kila msiba. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufa kabla ya kutimiza mwezi. Wengi wao huuawa na kuzaliwa njiti, kushindwa kupumua na maambukizi. Hapo Geita ina habari njema: ni miongoni mwa mikoa mitano ambako wakunga walifanyishwa mazoezi ya mara kwa mara, kwa mdoli, ya kumpulizia hewa mtoto asiyelia. Vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 40.

Mtoto akishafika nyumbani, mwenye kumlinda ni mama. Mtoto akigoma kunyonya, akipata degedege, akihema zaidi ya mara 60 kwa dakika, akichemka au akipoa mno, au viganja na nyayo vikiwa vya manjano, apelekwe kituoni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Njiti abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi. Baba naye anaweza.

Na maziwa? Mama asiache kunyonyesha kwa hofu tu ya zebaki. Kinachopaswa kuhama ni jiko la kuchomea, pamoja na nguo za kazini. Retoti, chombo kilichofunikwa kinachonasa mvuke, humrudishia mchimbaji zebaki yake aitumie tena.