Wahehe: Dini, Maeneo ya Kumbukumbu na Urithi

Katika mada hii watahiniwa wengi husimulia vita tu na kupoteza alama. Unganisha mambo matatu: imani, mahali na urithi.

(a) Dini
Wahehe walimwamini Nguluvi, Mungu muumba. Walitambika kwa masoka, yaani mizimu ya wahenga, hasa makaburini. Mizimu ya ukoo wa mutwa (mtawala) iliaminika kuilinda nchi nzima. Shika hoja hii, utaihitaji katika sehemu (c).

(b) Maeneo ya kumbukumbu
(i) Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 askari wa Mkwawa walikivizia kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Pana mnara wa Wajerumani waliokufa.
(ii) Kalenga. Hapa palikuwa na Lipuli, ngome ya Mkwawa yenye ukuta wa mawe. Wajerumani waliishambulia kwa mizinga na kuiteka Oktoba 1894. Merere wa Usangu, leo mkoani Mbeya, alikuwa hasimu wa Wahehe na aliwaunga mkono Wajerumani. Leo Kalenga pana makumbusho.
(iii) Mlambalasi. Mkwawa alijiua hapa tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Kaburi lake lipo hapo.

(c) Urithi
Wajerumani walikikata kichwa cha Mkwawa na kukichukua. Kwa watu wanaotambika makaburini, kumzika mutwa bila kichwa halikuwa fedheha ya kisiasa tu. Liliigusa dini yao. Ndiyo maana dai la fuvu halikufa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe. Fuvu lililotambuliwa kuwa lake lilirudi mwaka 1954, likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, na sasa limehifadhiwa Kalenga.

Urithi mwingine umo katika majina. Iringa limetokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Timu ya mpira ya Lipuli, kambi ya jeshi ya Lugalo jijini Dar es Salaam na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa vinaendeleza kumbukumbu hiyo.

Swali la mazoezi
"Kurudishwa kwa fuvu la Mkwawa kulikuwa suala la dini na la siasa." Jadili.

Mwongozo: Anza na masoka, kisha Mlambalasi, halafu Versailles na 1954. Kila hoja iambatane na mahali au mwaka. Hitimisha kwa msimamo wako, usirudie utangulizi.