Kichaka kinachochanua wakati wa theluji

NCHINI Uingereza, bustani nyingi hukosa maua ifikapo Januari, isipokuwa palipopandwa Erica carnea, kichaka kifupi chenye asili ya milima ya Alps na jamaa ya erika warefu wa Mlima Kenya. Nyuki wanaotoka mapema hukitegemea kwa chakula.

Tofauti na wenzake wengi, hustahimili udongo wenye chokaa, mradi usituamishe maji.

Hatari imo katika kupogoa. Kazi hiyo hufanywa maua yanyaukapo tu, mwezi wa Aprili. Atakayengoja hadi Septemba atakata matumba ya msimu ujao. Kibaya zaidi ni kukata hadi kwenye shina kuukuu lisilo na majani, kwani hapo huwa nadra kuchipua tena.