Askari Aliyelemaa na Haki ya Rufani: Mfano wa Kenya

Askari anapokula kiapo huikubali hatari, lakini kuikubali hatari si kuikana haki. Siku ajali au risasi inapomlemaza, huzuka swali zito: ni nani atakayeupima ulemavu wake, na kipimo kikikosewa, alalamike wapi? Jibu la nchi jirani ya Kenya lastahili kutazamwa kwa makini.

Nchini humo, sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini iliyotungwa mwaka 2007 yawahusu waajiriwa wote, wakiwamo wa Serikali. Hata hivyo, majeshi ya ulinzi yametengwa. Mwanajeshi hutafuta haki yake katika sheria na kanuni za jeshi lenyewe. Kwa hiyo polisi na mwanajeshi waliojeruhiwa katika tukio moja hawabishi hodi mlango mmoja. Anayekosea mlango hupoteza muda, na muda katika mambo haya ni mali.

Maswali makuu ni mawili. La kwanza: je, jeraha limetokana na kazi? Mtu aliyejiumiza kwa utovu wa nidhamu wa makusudi hana fidia, isipokuwa pale ajali ilipoleta kifo au ulemavu mkubwa. La pili: je, ulemavu ni wa kiasi gani? Hapa daktari hupima, na jedwali la sheria hutaja asilimia ya kila kiungo. Aliyepofuka macho yote mawili, kwa mfano, huhesabiwa asilimia 100.

Hesabu ya ulemavu wa kudumu husimama juu ya mshahara wa miezi 96, ndani ya mipaka ya chini na ya juu iliyowekwa. Tuseme konstebo alikuwa akipata shilingi 30,000 za Kenya kwa mwezi. Akipimwa asilimia 20, hesabu hufikia shilingi 576,000. Akipimwa asilimia 40, hufikia shilingi 1,152,000. Tofauti hiyo ndiyo ada ya watoto, ndiyo paa la nyumba. Ndiyo maana rufani si ukaidi wala utovu wa adabu kwa wakubwa.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi anayesimamia usalama na afya kazini hupeleka pingamizi kwake katika siku 60. Mkurugenzi hutakiwa kujibu kwa maandishi katika siku 14, akitoa sababu zake. Jibu lisiporidhisha, mlalamikaji ana siku 30 za kukata rufani katika mahakama inayoshughulikia ajira na kazi. Utaratibu huu uliwahi kupingwa kortini, lakini tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya iliuthibitisha. Basi majeruhi hapaswi kuiruka ngazi ya Mkurugenzi na kukimbilia mahakamani moja kwa moja.

Rufani haishindwi kwa machozi wala kwa wingi wa nishani. Hushinda kwa ushahidi: taarifa iliyoandikwa siku ya tukio, kadi ya hospitali, maelezo ya walioshuhudia, na ripoti ya daktari isemayo wazi kiungo kimepoteza nguvu gani. Sheria hiyo ya Kenya humtaka aliyeumia, au mwenziwe kwa niaba yake, amwarifu mwajiri, na mwajiri amwarifu Mkurugenzi katika siku 7. Askari anayeficha maumivu ili aonekane shujaa, na mkuu wa kituo asiyeandika tukio kwa kuwa jeraha laonekana dogo, wote wawili huidhoofisha kesi ya kesho. Goti lililoteguka leo laweza kuwa gongo la kutembelea baada ya miaka michache, na hapo swali litakuwa moja tu: liliandikwa wapi?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na kwa askari, mwili wake ndio mali ya kwanza.